Papa Australie na mwaka wake mmoja

Mimi ndiye niliyempeleka Papa Mahmoudi Australie. Nilimpeleka kwa vidole viwili, maana wakati ule nilikuwa sijajua kuchapa kwa vidole kumi, na alikaa huko miaka kumi na tisa bila kutoka Kisangani hata siku moja. Nikieleza hivi watu wanacheka. Wacheke, lakini wasinicheke mimi.

Naitwa Georgette. Niko na secrétariat mbele ya mlango wa institut moja ya kufundishia walimu. Ni kibanda cha mabati chenye meza mbili, ordinateur, mashine ya kutolea karatasi, na jenereta ya kuwasha courant ikikatika, na inakatika. Wanafunzi wananiletea kazi zao zimeandikwa kwa mkono, mimi nazichapa. Nawasahihisha na Kifaransa chao bila kuombwa. Ndiyo tabia yangu, na ndiyo iliyoniponza.

Mwaka wa 2005 section ya historia iliniletea orodha ya sujets, yaani vichwa vya kazi za mwisho ambazo wanafunzi wa licence, ile digrii kamili, walipaswa kuandika. Kila professeur alikuwa ameandika vyake kwa mkono. Mimi nachapa, chef wa section anatia sahihi na kupiga muhuri, halafu orodha inabandikwa kwenye valve. Valve ni ubao wa matangazo. Sijui nani alianza kuuita hivyo. Kilichobandikwa kwenye valve kimebandikwa. Ukitaka kukibadilisha, unaandika barua kwa conseil, baraza la section, conseil inangoja ikutane, na conseil haikutani.

Mstari wa kumi na nne ulikuwa wa Professeur Ambroise. Bon, niseme ukweli juu ya mzee huyu. Alikuwa hasahau kitu. Alijua siku uliyochelewa darasani, jina la mama yako, alama uliyopata miaka sita iliyopita na kosa lililokunyima ile nyingine. Lakini mwandiko wake ulikuwa wa kutafuta kwa tochi. Alikuwa ameandika kwa Kifaransa: Mahmoudi, mwaka mmoja wa maisha ya watu wote, les colonies à Stanley, 1893. Stanley ni hapa hapa, ndivyo wazee walivyouita mji huu. Makoloni aliyotaka kusema ni makao ya wageni waliokuja kukaa kwenye maporomoko ya mto: ya watu wa Zanzibar na Maniema, waliokuwa wanaitwa Waarabu, upande mmoja, na posti ya Wazungu wa État, serikali ya mfalme wa Wabelgiji, upande mwingine. Mwaka ule pande hizo mbili zilipigana, Wazungu wakashinda. Mimi hayo sikuyajua. Niliona à imebanana na Stanley, n imelala chini, y haina mkia, nikasoma Australie. Kisha nikaona Kifaransa chake kimechechemea, nikaongeza d' yangu kwa wema tu. Les colonies d'Australie, 1893. Chef akapiga muhuri bila kusoma.

Papa Mahmoudi alikuja kuangalia valve siku ile ile. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na minne, mrefu, Mwislamu wa ukoo wa Maniema, mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari kule commune ya Tshopo. Alikuwa na diplôme ya gradué, ile ya miaka mitatu, na alitaka licence, kwa sababu bila licence huwezi kuwa préfet, yaani mkuu wa shule. Unabaki na chaki mpaka pensheni. Nilimwona kwa dirisha langu amesimama mbele ya ubao kwa muda mrefu. Nilidhani anatafuta jina lake.

Kosa nililigundua majuma matatu baadaye, nilipokuwa napanga makaratasi. Mimi situpi karatasi ya mtu. Naweka zote kwenye makartoni ya sabuni, na institut nzima inajua. Nikasoma tena ule mstari kwa mwanga mzuri, nikaona Stanley, wazi kama jina langu. Professeur Ambroise alikuwa ameshaondoka kwenda Kinshasa, na kutoka Kinshasa akaenda Ulaya kufundisha. Chef wa section alikuwa amemfukuza mchapaji aliyenitangulia kwa sababu ya koma. Nilikuwa na watoto wawili wadogo na baba yao hayupo. Nikanyamaza. Nikajiambia kwamba Mahmoudi atakataa mwenyewe, mtu mzima hawezi kupewa Australie akaipokea.

Akaipokea.

Alikuwa na Kiswahili, Lingala, Kifaransa na Kiarabu cha kusalia. Kiingereza hakuwa nacho. Alijifunza kwa kamusi isiyo na jalada, na aliposhika maneno ya kutosha akaanza kwenda cyber kusoma magazeti ya zamani ya kule, ambayo Waaustralia wameyaweka kwenye internet bure. Alinakili kwa mkono, maana dakika za cyber zilikuwa zinakimbia. Baadaye ikaja simu, akawa anasoma barabarani, na motari, waendesha pikipiki wa mji huu, wakazoea kumkwepa.

Alisoma habari za mwaka mmoja tu. Ukimuuliza 1892 kulikuwa na nini, anakwambia hajui, haimhusu. Lakini 1893 aliijua siku kwa siku. Alinieleza kwamba wakati ule Australie haikuwa nchi. Yalikuwa makoloni sita ya Waingereza, la saba ni Nouvelle-Zélande, na kila moja lina gavana wake, bunge lake na upana wake wa reli. Basi treni ya koloni moja haikuweza kuingia katika koloni jirani, na watu walikuwa wanashushwa mpakani na mizigo yao ili wapande nyingine. Hilo lilimfurahisha sana. Alisema sisi angalau tukifika Ubundu tunashuka mtumbwi kwa sababu kuna maporomoko, wale walikuwa wanashuka kwa sababu ya kiburi.

Kila mwezi ulikuwa na habari yake. Februari mji wa Brisbane ulifunikwa na maji na daraja likaenda. Aprili na Mei mabanki yalifunga milango. Mwishoni mwa Julai wakubwa wakakutana katika mji mdogo wa mpakani kuzungumza jinsi ya kuwa nchi moja. Septemba wanawake wa Nouvelle-Zélande wakapata haki ya kupiga kura, na Novemba wakapiga. Habari hiyo ya Septemba aliniletea mbio, jasho linamtoka, kana kwamba imepita redioni asubuhi ile. Mimi nilikuwa nachapa orodha ya maiti wa hospitali. Nilimwambia nimefurahi kwa ajili yao.

Watoto wa mtaa wakamwita Papa Australie. Aliitika. Mwaka mmoja mto wetu ulipopanda na kuingia kwenye nyumba za watu wa pembeni, alikwenda kuwafariji. Aliwaeleza kwamba kule Brisbane maji yaliibeba meli ya serikali, yakaiweka katikati ya bustani ya maua, watu wakakata tamaa nayo. Siku chache baadaye maji yakapanda tena, yakaiinua na kuirudisha mtoni. Donc, akasema, tungojee mafuriko ya pili. Wale watu walikuwa wamekaa juu ya vitanda vyao na kuku. Walimfukuza kwa adabu, kwa sababu ni mwalimu.

Na mimi je? Mimi nilikuwa nakula moyo wangu. Kila alipokuja na sura mpya ya kazi yake, nilimpitisha mbele ya foleni nzima. Wanafunzi wakinung'unika nilikuwa nawafokea. Bibi yake alianza kuniangalia vibaya, akifikiri kuna jambo kati yetu. Jambo lilikuwepo, lakini lilikuwa kwenye kartoni ya sabuni.

Directeur wake wa kwanza, yaani msimamizi wa kazi, alikwenda Ulaya, huyo ni Ambroise. Wa pili alikufa. Wa tatu aliingia siasa, na tukamwona tena kwenye mabango tu. Kila mpya alianza kwa kumwambia arudie utangulizi. Miaka ikapita hivyo. Mwanafunzi ambaye Papa Mahmoudi aliwahi kumwangusha katika mtihani wa historia akasoma, akapata licence, akarudi kuwa préfet wa shule ile ile, na kila asubuhi Papa Mahmoudi alimwomba ruhusa ya chaki.

Halafu serikali ikabadilisha mfumo wa masomo. Wa zamani ukawa unazimwa. Tangazo likabandikwa kwenye valve: wote wa mfumo wa zamani ambao hawajatetea kazi yao, session ya mwisho ni Septemba hii ya 2024. Atakayeshindwa aanze upya mwaka wa kwanza pamoja na watoto wa miaka kumi na minane, au abaki alivyo. Papa Mahmoudi alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Alisoma tangazo, akavuka barabara, akaniwekea mezani kurasa mia mbili na sita.

"Maman Georgette," akaniambia, "hii ndiyo ya mwisho. Ikikataliwa, nitakufa gradué."

Nilizichapa kwa siku nne. Sikuongeza hata nukta yangu moja.

Siku ya utetezi ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, na session ilikuwa inafungwa kesho yake. Nilivaa pagne yangu nzuri nikakaa nyuma. Bibi yake alikuwa mbele na wakwe. Mezani walikaa wawili. Mmoja ni Chef de travaux Benie, mwanamke kijana mwenye macho makali, msomaji wa kazi. Mwingine, président wa jury, alikuwa Professeur Ambroise. Ndiyo, yule yule. Alikuwa amerudi mjini mwaka uliopita, mzee wa miaka sabini na tisa, na kwa kuwa maprofesa ni wachache walimwomba asaidie kumaliza mfumo wa zamani.

Papa Mahmoudi alieleza kazi yake vizuri, bila kusoma. Benie akamuuliza swali moja kali: makoloni yalikuwa ya wageni waliokuja kukaa, sasa wenye ardhi wako wapi katika kazi hii? Akajibu kwamba wako ukurasa wa mia na kumi na mbili, mistari minne. Benie akauliza kwa nini minne tu. Akajibu kwamba magazeti aliyoyapata yalikuwa na mitatu. Watu wakacheka kidogo, yeye hakucheka.

Hapo Professeur Ambroise akafunga kitabu na kuvua miwani.

"Mimi sikumupatiaka huyu papa Australie," akasema. "Nilimupatia Stanley."

Benie akamwonyesha orodha ya 2005, na muhuri. Mzee akasema muhuri ni wa chef, maneno ni yake, na anayakumbuka: Stanley, 1893, mstari wa kumi na nne. Benie akaeleza taratibu, kwa upole lakini wote wakisikia, maana ya jambo hilo. Kama sujet iliyopitishwa ilikuwa Stanley, basi kazi hii haina sujet, haiwezi kupewa alama, na kesho session inafungwa. Kama ilikuwa Australie, waendelee. Kisha akaongeza kwamba miaka kumi na tisa ni mingi na kila mtu husahau. Watu wakamwangalia mzee kwa huruma, kama mtu ambaye kichwa kimeanza kumtoka.

"Maman Georgette anawekaka makaratasi yote," mzee akasema. "Alete yangu."

Nilivuka barabara. Kartoni nilijua ni ipi, sikuhitaji kutafuta. Nilisimama na ile karatasi mkononi nikafikiri kuitafuna. Nasema kweli, nilipima ukubwa wake na mdomo wangu. Nikiitoa, Papa Mahmoudi amekwisha. Nikiificha, mzee ambaye hajawahi kukosea tarehe ya kitu anatoka mlangoni akiitwa amezeeka vibaya. Na kosa si la huyu wala la yule, ni langu mimi niliyekaa kwenye kiti cha nyuma na pagne nzuri. Nilijichukia. Nikaikunja nikaiweka ndani ya libaya, blauzi yangu, nikarudi, nikasimama mbele ya wote.

"Professeur," nikasema, "ile karatasi ilikulwa na muchwa."

Nikainamisha kichwa.

"Maman Georgette, acha," Papa Mahmoudi akasema nyuma yangu. "Karatasi iko. Niliionaka."

Akasema alikuja kwangu juma lile lile la kwanza, akaniambia nimtafutie orodha aisome vizuri, na mimi nikatoka kununua mafuta ya jenereta nikamwacha mezani. Akaona mwandiko wa mzee. Ulikuwa wazi. Alijua tangu siku ile kwamba ni kosa la mchapo, alijua sijalijua bado, na alijua barua moja kwa chef ingelirekebisha kabla hajafunga faili, bila kungoja conseil. Nikamgeukia mtu huyu. Miaka kumi na tisa nimempitisha mbele ya foleni, nimegombana na wanafunzi, nimeangaliwa vibaya na bibi yake, usingizi umenipotea, kumbe alikuwa anajua. Kama pasingekuwa mahali pale ningempiga kofi.

Benie akamuuliza kwa nini alinyamaza. Hakumjibu yeye, alimjibu mzee.

"Professeur, hapa Kisangani kila mutu iko na babu ya 1893. Ningeliandika Stanley, ku ukurasa ya kwanza bangeliniuliza ya kwangu alikuwa upande gani. Kule Australie hakuna mutu anayeniulizaka."

Mzee akasogeza kitabu kando.

"Alikuwa upande gani?"

Bibi yake Mahmoudi akashika kichwa. Papa Mahmoudi alinyoosha shati lake kwanza, kama anavyofanya mbele ya inspekta.

"Alikuwa na bunduki. Asubuhi alipiganisha État pamoja na Waarabu, mangaribi akapiganisha Waarabu pamoja na État. Mbele ya pale, kabla ya vita, kazi yake ilikuwa kuenda ku Lomami kuchukua batu."

Wakwe wake walikuwa wanaangalia sakafu. Mimi nilikuwa nimesimama kati ya Papa Mahmoudi na mzee, na hasira yangu yote ikaniishia nisijue ilikwenda wapi.

"Wa kwangu alitoka ku Lomami," Professeur Ambroise akasema. "Hakukuwa na bunduki. Alikuwa ku kamba."

Wakatazamana. Nilikuwa karibu nao kuliko mtu yeyote, na nawaambia, hawakuwa wanatazamana kwa ubaya wala kwa wema. Walikuwa wanatazamana kama watu wawili waliotajwa jina moja kwenye ofisi. Halafu mzee akaninyooshea mkono. Sikubisha. Nilitoa karatasi ndani ya libaya, nikaikunjua, nikampa, na machozi yalikuwa yananitoka bila haya.

Alivaa miwani. Aliisoma polepole kuanzia juu, kidole kikishuka mstari kwa mstari, mpaka wa kumi na nne. Hapo akakaa sana. Kutoka niliposimama nilikuwa naiona Stanley, na Benie aliyekaa kando yake alikuwa anaiona pia.

"Australie," mzee akasema.

Benie akamgeukia.

"Imeandikwa Australie. Mwandiko ni wangu. Andika mu procès-verbal, madame, kwamba Professeur Ambroise alisahau."

Benie alishika kalamu juu ya karatasi bila kuandika. Mzee akamrudia kwa sauti ya darasani, ile iliyokuwa inatutetemesha sote zamani: alisahau, andika. Benie akaandika. Nilimwona anaandika, na mzee akatia sahihi chini yake kwa ule mwandiko wake.

Walimpa Papa Mahmoudi alama kumi na tatu juu ya ishirini. Mzee alitaka kumi na nne, lakini Benie alishikilia kwamba mistari minne ni michache.